Wimbo wa Mchele na Milango Yake Minne

Dubai, Ijumaa, 12 Septemba 2014. Leo ni miaka mitano na miezi minne tangu nitoke nyumbani na lile begi jekundu lililokatika mkanda hata kabla sijafika stendi.

Mwanangu Riziki,

Mama yako ameniambia kwamba begi lako limefungwa, likafunguliwa, likafungwa tena, na kwamba sasa unalikalia juu ili zipu ipite. Basi mambo ya shuka, ndoo, sweta la baridi ya Mbeya na nani wa kukaa naye kwenye basi namwachia yeye. Atakwambia kila moja mara tatu. Nikiyarudia na mimi utanichoka kabla hujageuza karatasi.

Naandika mchana, nimetoka kuswali Ijumaa. Chumba ni changu peke yangu kwa sababu wenzangu wamekwenda kwenye maduka makubwa, hawana cha kununua, wanafuata baridi ya bure. Mimi mgongo umekataa kutembea. Wiki hii tumeshusha makontena ya manjano na iliki, na jasho langu lina rangi ya pilau. Jioni barua hii naipeleka kwa mama mmoja wa Muheza anayekwenda likizo. Ameapa itakufikia Jumapili, kwa hiyo utaisoma usiku wako wa mwisho nyumbani. Ndani ya bahasha kuna fleshi. Usiichomeke popote kabla hujamaliza kusoma. Nisipokupa hadithi yake utadhani baba yako amekutumia nyimbo tu.

Kwanza nikuombe radhi kwa neno moja. Ulipopiga kusema umepata nafasi chuo cha uuguzi, mimi badala ya kushangilia nikasema, "Mbeya mbali sana, mwanangu." Mama yako akakunyang'anya simu: "Na wewe uko chumba cha pili?"

Nilicheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza nimeshinda nini. Lakini baada ya kucheka niliona haya. Mtu amevuka bahari, anamtisha mwanawe kwa safari ya basi! Ukweli, Riziki, sikuogopa umbali. Nilikuwa nimezoea kujua ulipo. Nikifumba macho nakuona mlango wa nyuma, daftari mapajani, kuku anadonoa kidole chako cha mguu. Sasa itabidi nikuwaze mahali nisipopajua. Hofu hiyo ilikuwa yangu, nikataka kukubebesha wewe. Irudishe kwangu, mimi kubeba ndiyo kazi yangu.

Utakumbuka nilikuuliza nikutumie nini cha kwenda nacho. Nilidhani utasema simu, au viatu. Ukasema, "Baba, nataka sauti ya Bibi. Ile ya siku ya mchele." Nikajibu harakaharaka, "Hiyo tu? Hiyo ninayo." Shika maneno hayo, maana nilikuja kuyalipia.

Ile sauti unaijua. Ni jioni ya mwisho kabla sijaondoka, mmekaa mkekani, wewe, mama yako na Bibi Zena, mnachagua mchele wa kunipikia, na Bibi anapiga sinia kwa vidole. "Chuya nenda, mchele kaa, mgeni wetu bado yupo." Mimi nimesimama na simu yangu ndogo narekodi. Bibi anaimba, halafu anacheka kicheko kile cha kukohoa. Mwaka wa pili alifariki nami sikumzika. Picha yake ninayo moja, amekunja uso kwa jua. Kicheko kilikuwa kwenye ule wimbo tu.

Sasa nikuambie kuhusu kompyuta. Chumba chetu tuna kompyuta moja ya kukunja, kuukuu, inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Mtaalamu wake ni huyo mwenzangu wa kitanda cha juu, Mutiso, Mkenya, mlinzi wa majengo huko Discovery Gardens, ambaye kwenye zamu zake anasoma kompyuta kama wewe unavyosoma biolojia. Chumba kizima tuliweka nyimbo zetu humo, taarabu, rhumba, kwaya, kaswida, za Wahindi, zaidi ya elfu, zimerundikwa kama magunia yaliyomwagwa na kreni. Mimi ukinipa rundo silali. Nikamwomba Mutiso atafute dawa.

Akaleta programu aliyoipata bure mtandaoni. Uzuri wake, Riziki, haina vitufe vya kung'aa wala picha za kuruka. Inakuonyesha nyimbo zako kama ghala lenye vyumba. Unafungua folda ya Waimbaji, ndani kila mwimbaji ana folda yake. Unatoka, unafungua Miaka, ndani kuna miaka. Unafungua Aina, unakuta taarabu huku, kwaya kule. Ya nne ni Mahali, hiyo Mutiso aliniongezea mimi, maana nilitaka nyimbo za Tanga zikae pamoja. Mtu kama mimi, niliyeishia darasa la tano, niliweza kutembea humo bila kuongozwa. Nilikuwa nafungua tu mlango huu na ule, kama mtoto aliyepewa funguo za shule. Jioni wenzangu wakisema, "Athumani, tupe rhumba ya zamani," nawapa kabla hawajakaa. Nilijiona mkuu wa ghala.

Mutiso alinieleza siku ya kwanza. "Mzee, cheki. Ngoma ni moja, lakini iko na milango minne. Ukiingia kwa waimbaji utaipata, kwa miaka utaipata, na huko kwingine pia. Ni hiyo hiyo moja, haijahama. Tuko pamoja?"

Nikasema, "Nimeelewa."

Sikuelewa. Hilo kosa limekuzidi umri, mwanangu. Nilikaa darasa la tano mwaka mzima nikimwambia mwalimu wa hesabu nimeelewa, kwa sababu waliosema hawajaelewa walichekwa. Mwisho wa mwaka niliacha shule, nikawaambia watu ni kwa sababu ya ada. Ada ilikuwapo, babu yako alikwishaiweka. Hata mama yako hajui hili, leo mtajua wote wawili. Wewe unakwenda kujifunza kupima dawa za watu. Siku utakapokuwa hujaelewa, na darasa zima linatikisa kichwa, mfikirie baba yako na magunia yake, kisha nyoosha mkono.

Basi. Kwenye ghala letu hapa Al Ras msimamizi ni Mzee Nassor. Wazazi wake walitoka Unguja zamani, yeye amezeekea hapa hapa Deira, lakini Kiswahili chake bado kimenyooka. Siku yangu ya kwanza kazini alinishika bega akaniambia, "Skiza, Athumani. Gunia moja halilali pahala pawili. Ukiliona pahala pawili, moja n'la uongo, na muongo n'wewe." Kwa sheria hiyo nimefanya kazi miaka mitano bila kupoteza gunia.

Wiki tatu zilizopita nikakaa nikutengenezee fleshi yako. Nafungua Miaka, naona wimbo wa Bibi. Nafungua Aina, namwona Bibi tena. Mahali, Bibi. Waimbaji, Bibi. Damu ya ghala ikapanda. Gunia moja pahala panne! Nikasema mwanangu hawezi kupelekewa mzigo wenye marudio, nitabakisha mmoja mzuri, kule kwa Waimbaji, na hizi tatu za uongo niondoe. Nikaanza na wa kwako kwa sababu ndio uliokuwa na maana.

Nikafuta ule wa kwenye Miaka. Nikaenda Aina kuufuta wa pili, sikuukuta. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilidhani kompyuta imeelewa nia yangu ikanisaidia. Nikaenda Mahali, haupo, nikasema mashine ina akili hii. Kisha nikaenda Waimbaji nimsikilize Bibi kidogo kabla sijaendelea, na folda yake haikuwapo kabisa.

Nilifungua na kufunga ule mlango kama mara ishirini.

Mutiso aliporudi kutoka kazini alinikuta nimekaa sakafuni. "Mzee, umefanya nini?"

"Nimeondoa marudio."

"Marudio gani? Wueh! Si nilikuambia ni ngoma moja?"

"Uliniambia."

"Na ukasema umeelewa!"

"Nilisema."

Akavua kofia ya ulinzi akakaa sakafuni na mimi. Alichimba ile kompyuta siku mbili kutafuta mabaki, hakupata kitu. Ile simu niliyorekodia iliangukiwa na gunia la manjano mwaka juzi, ikabaki unga. Simu ya mama yako ni kitochi, haijawahi kupokea wimbo. Na wewe ulikwisha kuwatangazia wenzako kwamba unakwenda chuo na sauti ya bibi yako.

Alikuwapo mtu mmoja tu duniani ambaye angeweza kuwa nao, nami nilikuwa nimemwita mwizi.

Anaitwa Ssali, Mganda wa Masaka. Tulilala naye chumba hiki. Alikuwa akiniomba, "Athumani, nitumie ule wimbo ya mama," nami namkatalia. Nilisema sauti ya mama yangu haigawiwi kama sigara. Siku moja, simu yangu iko kwenye chaji, akajitumia mwenyewe kwa blututhi. Nilipogundua nilisimama katikati ya chumba nikamtukana mbele ya watu kumi. "Mtu gani anaiba mama ya mwenzake?" Mwezi ule ule alipata kazi ya bustani kwenye nyumba moja huko Al Twar, akaondoka bila kuniaga. Miaka miwili. Tukipishana msikitini mimi nafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe ni ndala.

Ijumaa iliyopita nilipanda basi kwenda Al Twar. Njia nzima natunga maneno. Nilimkuta nje ya geti, ana mpira wa maji, anamwagilia maua ya madam wake. Akaniona.

"Banange! Polisi amekuja."

"Sikuja kwa ugomvi, Ssali."

"Umekuja kuhesabu masufuria? Masufuria ni ya madam, uliza yeye."

"Nimekuja kukuuliza kama bado unao."

"Nini?"

"Ule wimbo. Ulioniibia."

Akafunga maji. "Sema tena hiyo neno."

"Ulioniibia."

"Hapana, sema polepole. Mimi nataka sikia kama leo unasema na hasira ama unasema na kuomba."

Riziki, nimebeba vitu vizito maishani. "Kwa kuomba," nikasema. "Na unisamehe, ndugu yangu. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu, na mimi ndiye niliyekuwa mchoyo."

Akanitazama mpaka nikadhani atanifungulia ule mpira wa maji usoni. Kisha akacheka, akageuza ndoo akanikalisha juu yake, akaniletea maji ya baridi. Akasema, "Mama yangu alikufa mimi mdogo. Uso yake nilionyeshwa kwa picha. Kucheka yake hakuna mtu alinionyesha. Siku nilisikia mama yako anacheka kwa hiyo simu, nikasema, basi iwe hii."

Akatoa simu, akabonyeza. Na pale, mbele ya geti la watu, kwenye jua lile, Bibi Zena akapiga sinia.

Sitakuambia nilifanya nini. Ssali aligeuka akamwagilia ua moja lile lile muda mrefu.

Halafu akasema ngoja, akapiga Masaka. Wakaja watoto wake watatu kwenye simu, akawaambia neno kwa Kiganda, wakaanza kuimba: "Chuya kaa, mchele nenda!" Wamegeuza wimbo wote, wanafukuza mchele, wanabakisha chuya. Bibi angewatoa jikoni na mwiko. Tulicheka mpaka madam akafungua dirisha kuuliza kuna nini. Ssali akamwambia, "Nothing, madam, family." Alivyosema hivyo na mimi nimekaa pale juu ya ndoo!

Nilipoaga akanishika mkono. "Khalas, yamekwisha. Lakini usifute tena. Mimi si ghala yako."

Nikarudi nao. Wimbo ulipoingia kwenye kompyuta, programu iliutupa kwenye folda moja ya pembeni iitwayo Hajulikani, kwa sababu kwa Ssali ulikuwa na tarakimu tu, hauna jina. Nikaudhika. "Hajulikani vipi? Huyu ni mama yangu!"

Mutiso akasema, "Mzee, hii kitu haina masikio. Inajua tu kile mtu ameandika. Mara hii andika wewe mwenyewe, na usikilize kwanza, usiandike kwa mazoea."

Akanivalisha hedifoni. Miaka yote nilikuwa nasikiliza kwa kispika cha simu, kisha cha kompyuta, chumba cha watu kumi, feni juu. Kwa mara ya kwanza nikausikia wote. Nikamsikia mama yako, sauti ya chini, ndiye anayeushikilia. Nikasikia punje zinaanguka kwenye ungo. Na nikasikia sauti nyembamba inayotangulia. Kila mstari inauanza kabla ya Bibi, ina haraka, haimngoji mtu. Ni wewe. Nilidhani miaka mitano huu ni wimbo wa Bibi na nyinyi mnaitikia. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unauanzisha, na pale Bibi anapocheka, anakucheka wewe, umeruka mstari mzima umefika mwisho peke yako. Kicheko nilichokililia chooni siku ya msiba wake, wewe ndiye uliyekizaa.

Basi kwenye nafasi ya mwimbaji nikaandika majina matatu. Mutiso akafungua upya ule mlango wa Waimbaji. Yupo Bibi Zena. Yupo mama yako. Na kati ya waimbaji wakubwa wenye albamu zao, kuna folda imeandikwa Riziki. "Ona," Mutiso akasema, "dem amepata nyumba yake." Nikampiga kofi la mgongo, mwanangu si dem, lakini nilikuwa nacheka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri kuhusu milango hiyo. Ssali nilikuwa nimemweka kwenye folda moja tu, Mwizi, nikafunga. Lakini yumo pia kwenye baba wa watoto watatu, na kwenye yatima, na kwenye mtu aliyemtunza mama yangu miaka miwili bila kuombwa. Nawe huko uendako watakupokea kwa mlango mmoja mmoja. Mwingine atakujua kama mtoto wa hamali, mwingine kama yule wa Tanga anayeongea kwa madaha, mwingine kama yule aliyeshindwa kutaja jina la mfupa. Nami mwenyewe nilikuwa nakujulia mlango wa kuku na daftari. Usihangaike kuwafukuza mlangoni. Wewe ni yule yule mmoja, hujahama.

Na huo wimbo, atakayeuomba chuoni mpe. Atakayekuibia mwache aibe. Ningeugawa tangu mwanzo nisingepata presha yoyote.

Sasa unaweza kuchomeka fleshi. Mutiso anasema kwenye kompyuta ya chuo ile programu haitakuwapo, kwa hiyo amenipangia folda za kawaida. Wimbo safari hii umerudiwa kweli, mara nne, pahala panne. Nilimwambia Mzee Nassor. Akatikisa kichwa: "Haya, gunia la namna hiyo nalilale kila pahala."

Usikilize mpaka mwisho kabisa. Baada ya kicheko cha Bibi kuna mwanamume anasema, "Endeleeni, endeleeni," halafu inakatika. Huyo ni mimi. Mutiso aliniuliza aniandike na mimi kwenye waimbaji, nikamwambia bado, yule hajaimba, alikuwa ameshika simu.

Mkataba wangu unakwisha mwezi wa pili na sitautia saini mwingine. Arbab, yaani mwajiri wangu, nimekwisha kumwambia, na tiketi ameahidi. Nitafika mwezi wa tatu kabla masika hayajaanza, na mama yako anasema utakuwa likizo. Mwambie asichague mchele wa siku hiyo. Simu tutaiegemeza dirishani, ijishike yenyewe, nami nitakaa mkekani upande alipokuwa akikaa Bibi, na sinia nitapiga mimi. Wewe anzisha.

Baba yako,
Athumani